Kura zetu mmezihesabu lini?

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Januari 2021, hapa Bombo, Uganda, wakala wa chama kimoja aliingia uani kwa jirani yangu Hajati, daftari mkononi, barakoa ameishusha kidevuni maana ulikuwa msimu wa corona. Hajati alikuwa mkekani anasuka kikapu, ukindu wa rangi umemzunguka. Kijana akatoa salamu, akaitikiwa, akapewa stuli. Hakuomba kura. Aliuliza tu nyumba ina watu wangapi waliotimiza miaka 18, akaandika, akafunga daftari.

"Na hutuulizi tunampa nani?" Hajati akamwuliza.

"Hajati, nyumba za Wanubi tulishazihesabu."

"Mmezihesabu lini, mwanangu? Mimi mwenye nyumba bado sijazihesabu."

Hakuwa anatania. Kwenye msumari wa mlango wake ilining'inia kofia ya njano ya mwanawe wa kwanza, askari mstaafu, ambaye tangu apande basi la NRM, chama tawala chenye rangi ya njano, hajashuka. Binti yake muuza vitenge alikuwa mtu wa mwavuli wa NUP, chama cha upinzani, na hakuficha. Mjukuu aliyemaliza chuo akakosa kazi alikuwa ameapa kulala siku nzima ya uchaguzi. Hajati mwenyewe kura yake aliifunga kwenye pindo la leso, na hadi leo hakuna aliyeifungua.

Daftari lile ndilo ninalotaka tulifungue hapa. Kila msimu wa uchaguzi tunasikia: Wanubi ni wa fulani, Karamoja ni njano tupu, Batwa wanafuata chumvi ya wagombea. Wanaosema hivyo si mawakala tu. Nimewasikia wasomi wakisema, na watetezi wa haki wakisema kwa lugha ya upole zaidi. Kosa lao ni moja: wanaona namna watu walivyopigishwa kura, halafu wanadhani wameona watu hao wanavyofikiri.

Tuanze na jina ambalo jamii hizi huitwa, wenyeji asilia, maana hapa kwetu linachanganya. Ukisema "wenyeji asilia" katika nchi nyingine, msikilizaji anafikiria watu kama Batwa, waliokuwa msituni kabla mkulima na mfugaji hawajafika, kisha wakasukumwa pembeni. Katiba yetu ya 1995 imelichukua kwa upana mwingine kabisa. Jedwali lake la Tatu linaorodhesha jamii zote zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Zilikuwa 56, na marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Humo Baganda wana mstari mmoja na Batwa wana mstari mmoja. Wanubi nao wamo, ingawa mababu zao walikuwa askari wa Kisudani wa Emin Pasha ambao Kapteni Lugard aliwaleta huku mwaka 1891. Kwa hesabu ya Jedwali, Hajati ni mwenyeji asilia sawa na Kabaka, mfalme wa Baganda.

Wasiomo ndio wenye kisa. Wabenet wa Mlima Elgon waliishi kwenye nyanda za juu za mlima ule hadi walipoanza kuondolewa miaka ya 1980, na mwaka 1993 eneo likawa hifadhi ya taifa. Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Mbale, katika hukumu ya makubaliano na serikali, iliwatambua kuwa wakazi wa kihistoria wa mlima ule. Lakini kwenye Jedwali hawamo. Wanahesabiwa ndani ya Wasabiny. Kwa hiyo mtu akikuuliza Wabenet walimpigia nani kura, jibu halimo katika takwimu yoyote ya serikali, kwa kuwa kwenye takwimu hizo hakuna Mbenet. Na Wamaragoli wa Kiryandongo, walioishi Bunyoro kwa vizazi, kutokuwamo kumewagharimu zaidi: wengi wamesumbuliwa juu ya kitambulisho cha taifa. Daftari la wapiga kura siku hizi linachotwa kutoka daftari la vitambulisho. Asiye na kitambulisho hana kura ya kubashiriwa.

Twende kwenye hesabu. Sensa ya 2014 iliwapata Batwa takribani 6,200 katika nchi ya watu milioni 34.6. Zaidi ya nusu ya watu wetu hawajafika miaka 18. Kwa kukisia, basi, Batwa wenye umri wa kupiga kura hawakuzidi 3,000, nao wametawanyika Kisoro, Kanungu, Rubanda na kwingineko, wengine mbali huko Bundibugyo. Kisoro peke yake sensa ile ile iliipa watu zaidi ya 280,000. Tume ya Uchaguzi hutoa matokeo kwa kituo, haitoi kwa kabila, na karatasi ya kura haina jina. Anayekuambia "Batwa wa Kisoro walipiga hivi" ametazama matokeo ya wilaya akawavisha. Ni sawa na kuonja supu ya harusi ukadai umejua nyumba ya tatu kutoka msikitini ilichangia chumvi kiasi gani.

Kwa Wanubi kuna kivuli kirefu zaidi, nacho kina jina: Amin. Idi Amin alitawala kuanzia 1971 hadi 1979, na katika miaka hiyo kuwa Mnubi kulifungua milango. Watu wa Nile Magharibi wa makabila mbalimbali, na hata wasio wa huko, walisilimu, wakajifunza Kinubi, wakajiita Wanubi. Alipoanguka, milango ile ile ikawa ya kukimbilia. Nyumba zilitekwa, familia zikavuka kwenda Kenya, Sudan na Zaire, na wengi wa wale waliojiita Wanubi mwaka 1975 wakarudia majina ya zamani. Sasa niambie, kura ya jamii ambayo mpaka wake ulipanuka na kusinyaa ndani ya miaka kumi inawezaje kuwa ya damu? Waliobaki na waliorudi hawana kumbukumbu moja. Yupo anayesema serikali ya Museveni iliyokuja 1986 ndiyo iliyomrudishia amani, na kwa hilo hawezi kuipinga. Yupo anayesema amani hiyo haikumrudishia kiwanja cha baba yake. Wote wawili husali msikiti mmoja, na wakati mwingine huwa ni ndugu wa tumbo moja.

Na tuko Luweero, msisahau. Hapa ndipo vita vya msituni vya Museveni vilipopiganwa kuanzia 1981, na mafuvu ya waliokufa yakawa hoja ya kampeni kwa zaidi ya miaka thelathini. Kama kuna wilaya ambayo mtu angeapa kwamba kura yake imeshalipiwa, ni hii. Mwaka 2021 ilimpa Robert Kyagulanyi wa NUP. Baganda wakibadilika watu husema "wapiga kura wameamua." Mnubi akibadilika anaulizwa nani kampa hela.

Hapo kwenye hela na chumvi pana jambo la kukaa nalo kidogo.

Julai 2018 tulifanya uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji, baada ya miaka 17 bila uchaguzi. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea anasimama uwanjani, watu wanapanga mstari nyuma yake, msimamizi anapita akihesabu vichwa. NRM ilitumia njia hiyo hiyo kwenye mchujo wake wa Septemba 2020. Watetezi wake husema ni rahisi na wizi wake unaonekana kwa macho. Ni kweli, unaonekana. Lakini nawe unaonekana.

Rafiki yangu aliyekuwa akifundisha karibu na Kisoro alinisimulia alichoona siku ile ya Julai. Batwa wa kitongoji jirani walifika pamoja. Tangu Bwindi na Mgahinga zifanywe hifadhi za taifa mwaka 1991, wengi wao wanaishi kwenye ardhi isiyo yao: ya kanisa, ya shirika, au ya mkulima wanayemlimia kwa kibarua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mgombea mmoja, akasimama wa nne au wa tano. Kisha akainua macho. Kwenye mstari wa pili, karibu na mbele, alisimama mwenye shamba ambalo kibanda cha mama huyo kimejengwa pembeni yake. Hakuitwa, hakutishwa, hakuna aliyemsemesha. Alitoka polepole kama mtu aliyekosea njia, akaenda kusimama mstari wa mwenye shamba. Vichwa vikahesabiwa. Yule mwalimu anasema jioni ile baa walicheka: "Batwa bwana, wanafuata mkubwa tu."

Mkubwa yupi? Mama yule alichagua mara mbili ndani ya dakika tano. Mara ya kwanza alimchagua kiongozi wa kijiji, mara ya pili akachagua pa kulala. Hesabu iliandika mara ya pili tu.

Chumvi nayo tuiseme ilivyo. Sabuni, chumvi na sukari vinagawiwa Kampala, vinagawiwa Mbarara, vinagawiwa na vyama vyote vyenye uwezo. Mtu wa Kampala akipokea bahasha akapiga kura anavyotaka anaitwa mjanja. Mutwa akipokea kilo ya chumvi anaandikwa kuwa amenunuliwa. Chumvi ile ile, majina mawili. Na sanduku likiwa la siri, hakuna ajuaye aliyepokea alimpa nani, hata aliyeigawa, na ndiyo maana wagawaji wengi wanaupenda mstari.

Karamoja ni hadithi kubwa zaidi na mimi si mtu wa huko, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Kwenye kura za urais mkoa ule humpa Museveni kwa wingi, hilo halina ubishi. Lakini ukitazama hapo tu utadhani watu wamelala. Joto lenyewe liko kwenye mchujo wa chama, na kwa wagombea binafsi wanaojitokeza baada ya mchujo. Bunge la 2021 liliingiza zaidi ya wabunge 70 wa binafsi nchi nzima, na wengi wao walikuwa wana-NRM waliokataa kushindwa. Mahali ambapo chama ndicho serikali, na serikali ndiyo barabara, askari na gunia la mahindi, watu hubishana ndani ya chama kwa sababu nje hakuna cha kubishania. Miongoni mwa Wakaramojong wenyewe, Jie wana lao, Bokora wana lao. Wapokot wa Amudat hawajihesabu kuwa Wakaramojong kabisa, na Watepeth wa Mlima Moroto ni wachache ndani ya wachache. Operesheni ya kukusanya silaha iliyoanza 2021 iliitwa kwa Kiswahili, Usalama kwa Wote. Muulize aliyeibiwa ng'ombe mwezi mmoja kabla, halafu muulize ambaye mwanawe alichukuliwa katika msako, kama neno "wote" linawahusu kwa namna moja. Na mwaka 2023, mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja yalipokutwa kwa wakubwa na waziri wa mkoa huo akafikishwa mahakamani, hasira zilikuwapo hata kwa watu wenye fulana za njano. Fulana hazikuvuliwa. Hasira nazo hazikuwa za uongo.

Anayeamini wachache ni wa serikali ana ndugu yake mjini, yule anayeamini kwamba aliyedhulumiwa lazima awe mpinzani. Huyu ana moyo mzuri, lakini naye kashika daftari lile lile. Mpelekeni Kasese, wilaya ya Bakonzo huko magharibi.

Bakonzo waliukataa ufalme wa Toro mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaanzisha harakati za Rwenzururu. Serikali iliutambua ufalme wao mwaka 2009, na kwa shukrani hiyo, kama shukrani ndiyo kanuni, Kasese ingekuwa ya njano daima. Mwaka 2016 wakampa Kizza Besigye kura za urais na viti vya ubunge vikaenda FDC, chama chake cha upinzani. Novemba mwaka huo huo jeshi likashambulia ikulu ya mfalme, zaidi ya watu 100 wakafa, na mfalme mwenyewe, Omusinga Charles Wesley Mumbere, akakamatwa. Ikiwa dhuluma ndiyo kanuni, uchaguzi uliofuata Kasese yote ingekuwa upinzani. Mwaka 2021 viti vya ubunge viligawanyika kati ya FDC na NRM. Kuna aliyepiga kura kwa kisasi, aliyepiga kwa hofu, na aliyeona kwamba mfalme akiwa bado na kesi na amezuiwa kurudi Kasese ni afadhali kuwa na mtu wa kumsemea upande wa ndani. Mashtaka ya Omusinga yalifutwa 2023. Na katika wilaya hiyo hiyo kuna Basongora, wafugaji, na Banyabindi, ambao kwao Bakonzo ndio wengi wenye nguvu. Ukimwambia Musongora "nyinyi watu wa Kasese mnampenda mfalme wenu," jiandae kusikilizwa vibaya.

Hali hii si yetu peke yetu. Oktoba 2023 Australia ilipiga kura ya maoni juu ya kuweka katika katiba chombo cha kuwasemea wenyeji asilia wa nchi hiyo. Wengi wa nje walidhani wenyeji wote watakuwa upande wa Ndiyo. Waziri Linda Burney, mwenyeji asilia, aliongoza Ndiyo. Seneta Jacinta Nampijinpa Price, mwenyeji asilia, aliongoza Hapana kutoka upande wa wahafidhina. Seneta Lidia Thorpe, naye mwenyeji asilia, alisema Hapana kwa sababu iliyo kinyume kabisa: chombo kile kilikuwa kidogo mno, alitaka mkataba kwanza. Hapana ikashinda kwa takribani asilimia 60.

Swali linalofuata huwa ni la viti. Kifungu cha 36 cha Katiba kinawapa wachache haki ya kushiriki katika maamuzi. Kifungu cha 78 kinataja viti maalumu bungeni: wanawake wa kila wilaya, jeshi, vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu. Kiti cha jamii ndogo hakimo. Waik wa Kaabong, watu wapatao 14,000 katika sensa ya 2014, walipata sauti kwa mlango mwingine: walikatiwa jimbo lao wenyewe, na mwaka 2016 Hillary Lokwang akawa Mwik wa kwanza kuingia Bungeni. Naunga mkono njia hiyo kwa sababu ambayo wengi hawaitaji. Jamii isiyo na kiti hulazimika kusema kwa sauti moja, maana sauti ni ya kuazima. Kiti kikishapatikana, watu wanapata nafasi ya kugombana wao kwa wao kama watu wengine. New Zealand ina viti vya Wamaori tangu 1867. Vilianza vinne, sasa ni saba. Mwaka 2017 chama cha Labour kilivichukua vyote saba. Mwaka 2023 chama cha Te Pāti Māori kikachukua sita kati ya hivyo. Na katika serikali iliyoundwa mwaka huo huo, Winston Peters na David Seymour, wote wenye asili ya Kimaori, waliingia upande wa kulia, Seymour akipigania kupunguza hadhi maalumu ambayo Wamaori wenzake wanailinda kwa maandamano.

Hofu yangu juu ya kiti cha Batwa, kama kingewekwa kesho, ni nani atakayewateua wagombea. Likiwa ni shirika au chama, daftari litakuwa limerudi kwa jina jingine.

Maana Batwa wana ya kubishana. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuondolewa kwao msituni bila fidia ya kutosha kulivunja haki zao, ikaagiza kesi irudi Mahakama Kuu kushughulikia nafuu watakayopewa. Hapo ndipo siasa ilipo. Wapo wazee wanaotaka kurudi msituni: asali, dawa, makaburi. Wapo wanaotaka ardhi nje ya msitu, yenye hati, karibu na shule. Wapo wanaouliza habari za sokwe. Kibali cha mgeni kuwaona sokwe wa milimani kilipandishwa hadi dola 800 mwaka 2024. Dola 10 za kila kibali, pamoja na asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, hutengwa kwa jamii jirani, lakini fedha hupitia serikali za mitaa na kuishia kwenye miradi ya parokia za kiserikali, na asiye na ardhi hufaidi kidogo. Aliyezaliwa mwaka ule wa 1991 sasa ana watoto wa shule. Msitu kwake ni mahali anapobebea watalii mizigo kwa malipo ya siku, na ukimwambia baba yake anataka warudi humo, atakujibu kwamba baba hajui bei ya daftari. Baba naye, ukimwuliza, atasema mtoto hajui ladha ya asali.